Vifaa Kumi na Tisa Dirishani kwa Shemeji

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali. Limeegemea ukuta wa nyumba ya shemeji yangu, chini ya dirisha la chumba anachoshonea, na mtu asikudanganye kwamba tulilileta pale kufuata kivuli. Kivuli kiko kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara, na huko ndiko tulikokuwa tukikaa tangu enzi zile nywele zangu zilipokuwa nyingi kuliko maneno yangu. Tulihama mwaka juzi, wiki ile shemeji alipowekewa mtandao nyumbani. Wenzangu wawili walilibeba benchi juujuu, mimi nimetangulia na simu nimeinyoosha mbele, na vile vimistari vya mtandao vilipojaa vyote nikasema, "Tua!" Likatua. Halijanyanyuka tena.

Wenye benchi ni wachache na nitawataja wote, ili lawama zigawanywe sawasawa. Kuna Wembe, kinyozi, ambaye kibanda chake kinaonekana tokea benchini, kwa hiyo mteja mwenye haraka hunyolewa nusu kichwa, mjadala ukiwaka Wembe anavuka barabara, na nusu ya pili inasubiri hoja iishe. Kuna Breki, dereva wa lori aliyestaafu baada ya miaka thelathini, ambaye hata akiwa amekaa anakunywa kahawa mguu wake wa kulia unakanyaga kanyaga. Kuna Mama Birika, muuza kahawa, mwenye jiko dogo la mkaa na kigoda, anayetusikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua ya jirani. Halafu kuna mimi, Injinia. Cheo hicho nilijipa mwenyewe baada ya kuona wengine wanachelewa kunipa. Shule niliiacha katikati, au tuseme tuliachana kwa kuelewana.

Siku hiyo, saa saba mchana, dirisha lilifunguliwa kwa nguvu juu ya vichwa vyetu. Kichwa cha shemeji kikatokeza, futi ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni.

— Injinia!

Sikuipenda sauti hiyo. Mdogo wake mke wangu akiniita shemeji, anataka utani. Akiniita Injinia, kuna kitu kimeharibika.

— Naam, shemeji yangu wa pekee.

— Jana ulifanya nini kwenye kompyuta yangu?

— Niliitendea haki.

Na ni kweli. Jana yake watu wa mtandao walikuja kumbadilishia ruta, kile kisanduku cheupe chenye antena kinachogawa mtandao nyumba nzima. Walipoondoka, nani aliingia chumba cha nyuma kuiunganisha kompyuta na ruta mpya? Mimi. Kazi ya dakika mbili. Kompyuta iliniuliza swali moja dogo, nikalijibu pale pale bila kumpigia mtu simu, ikanyamaza. Nilitoka mle ndani nimevimba kama andazi.

Shemeji alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake, na kwa kila pini alitoa habari mbaya.

— Mashine ya kudarizi haiioni kompyuta. Inasema haipatikani. Nimezima, nimewasha. Kompyuta yenyewe inasema fayawoli imezuia kifaa kisichojulikana. Kifaa gani kisichojulikana? Mashine yangu niliyoinunua kwa jasho langu, iko chumba cha pili tu!

— Fayawoli ndiyo nini? akauliza Wembe.

— Mlinzi wa kompyuta, nikasema haraka, kabla mtu mwingine hajapata nafasi ya kujua. Yuko mle ndani. Haonekani.

— Si uchukue mchoro kwa flashi, mwanangu, ukauchomeke kwenye mashine? akasema Mama Birika.

Shemeji alimtazama Breki tu. Breki akatazama kikombe chake. Wote tulikumbuka: lile tundu la flashi la mashine ndilo Breki alilolisafisha kwa njiti ya kiberiti mwezi uliopita, njiti ikabaki humo humo. Tangu siku hiyo mashine inapokea michoro kwa mtandao tu, na sisi wa benchi tumepigwa marufuku kuvuka kizingiti, isipokuwa mimi jana, kwa zile dakika mbili. Mwisho wetu ni dirishani.

— Sikilizeni, akasema shemeji, na sauti yake ikashuka, jambo lililonitisha kuliko kelele. Nina makoti thelathini ya wauguzi. Nimeyakata, nimeyashona, nimeyapiga pasi. Limebaki ua la zahanati kifuani, na ua liko kwenye kompyuta. Sista Mkuu anakuja kuyachukua saa kumi. Kila ua dakika tatu. Nisipoanza saa nane na nusu, simalizi. Na nisipomaliza, kazi zote za zahanati zinakwenda kwa yule fundi mwenye bango la taa kule stendi. Mapazia, mashuka, sare, zote. Mwaka mzima nimeisubiri kazi hii.

Akafunga dirisha. Akalifungua tena.

— Na asiyekuwa na dawa asinipigie kelele.

Hapo ndipo kila mtu alipopata dawa.

— Hiyo ni foleni, alianza Breki, na mguu wake ukakanyaga. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini, foleni naijua kwa harufu. Ua linatoka kwenye kompyuta, linaingia barabarani, linakuta magari. Linarudi. Mlinzi hana kosa, yule ni askari wa barabarani tu.

— Barabara gani ndani ya nyumba? akauliza Wembe. Toka chumba cha nyuma hadi chumba cha mbele ni hatua tisa!

— Hatua tisa kwako unayetembea. Ua halina miguu.

Wembe alicheka, akaweka taulo la mteja begani. Ng'ambo ya barabara mteja wake alikuwa amejitokeza mlangoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili kama kichaka.

— Tatizo ni antena, akasema Wembe. Mmeiona ruta ile? Jana asubuhi ilikuwa kwenye boksi, antena zimelala. Leo zimesimama hivi! Mimi naishi kwa vitu vinavyoota kichwani. Chochote kinachoota kichwani kisipopunguzwa kinamziba mwenyewe macho. Shemeji aniruhusu nipunguze ncha tu. Kidogo. Mtindo wa kawaida.

— Ukikaribia ruta yangu na mkasi, ikasema sauti ndani ya dirisha, nitakunyoa mimi.

— Basi si antena, Wembe akakubali upesi. Ni wivu. Kompyuta ni ya zamani, mashine ni mpya. Tangu mashine ije, nani anafutwa vumbi kila asubuhi? Mashine. Nani amewekewa kitambaa cha maua? Mashine. Kompyuta imenuna. Watu hawa hawajawahi hata kutambulishwa!

— Kweli kabisa, akasema Breki. Hata lori jipya likiletwa gereji, lile la zamani haliwaki siku mbili. Nimeliona kwa macho.

— Mnaona! Wivu!

Mama Birika aliongeza mkaa. Akasema bila kuinua kichwa:

— Mimi naona huyo mlinzi hajaonyeshwa wenyeji. Mlinzi mpya, ruta mpya, hajui nani wa ndani nani wa nje. Anamfungia hata mtoto wa nyumba. Mngemuuliza tu jana kaambiwa nini.

Nilikohoa. Kahawa ilinipalia, ndiyo sababu.

— Mama Birika, nikasema kwa upole wa mtu msomi, haya mambo ni ya kitaalamu.

— Haya.

— Ya ndani sana.

— Nimesema haya. Lakini mlinzi yeyote nimjuaye mimi akipewa kikombe anafungua. Akamimina kikombe kilichojaa, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa ruta. Mwambieni ni cha kwake, akaongeza.

Kikombe kikakaa pale kinafuka moshi. Tulikitazama sote, na sitaki kusema uongo, dakika nzima nilitegemea kitu.

Ilikuwa saa saba na nusu. Nikaona mjadala unarudi upande wa jana, na upande wa jana ulikuwa na mtu mmoja tu ndani yake, nami nilimjua vizuri. Nikasimama juu ya benchi, mkono mmoja ukutani maana tofali lilikuwa linayumba.

— Jamani, nikasema. Mimi nimetengeneza simu za kiwanda kizima cha saruji kwa kofi moja. Kofi moja! Meneja alilia. Sasa nisikilizeni. Mtandao unatoka kwenye ruta, sawa? Unatakiwa ugeuke kushoto, uingie kwa mashine. Lakini dirisha liko wazi, na nje kuna nini? Kuna watu, kuna kicheko, kuna kahawa. Wewe ungekuwa mtandao ungekwenda wapi?

Wembe akafikiri.

— Mimi ningekuja benchini.

— Ndiyo maana! Mtandao unavuja! Mlinzi anaona nyumba haina mtandao, anafunga kwa aibu. Dawa ni bati. Tuzibe dirisha, ukose pa kutokea, utageuka kushoto wenyewe.

Nitasema jambo moja kuhusu nadharia hiyo: niliitunga nikiwa nimesimama, na hata mimi niliiamini kabla sijakaa. Breki alikwenda kulitoa bati nyuma ya choo chake. Tukalipandisha mimi na yeye, tukaliegemeza dirishani, kikombe cha mlinzi tukakisogeza pembeni kwa heshima. Chumba cha shemeji kikawa giza. Kukawa na mlio wa kitu kuanguka, halafu mlio wa mtu kukikanyaga.

— Ni nani amezima jua?

— Shemeji, vumilia, mtandao unageuka!

— Nimekalia pini!

— Je, mashine inaiona kompyuta?

— Hata mimi siioni mashine!

Tukalishusha bati. Wembe alikuwa amekaa chini anacheka, machozi yanamtoka, taulo la mteja ndilo analojifutia. Mama Birika, ambaye hacheki, alitikisika mabega mara mbili. Hata mteja aliyenyolewa nusu alivuka barabara kuja kuona, akasimama na lile shuka la kinyozi shingoni kama mfalme wa nchi ndogo.

Lakini dirishani shemeji hakuwa anacheka. Alikuwa na koti moja mkononi, jeupe, limenyooka, mahali pa ua pamewekewa alama ya chaki. Alikuwa analipapasa pale kwenye chaki kwa kidole gumba. Kicheko kikatuishia mmoja mmoja.

— Saa nane kasorobo, akasema.

Breki akasimama. Safari hii alizungumza kama mtu wa safari ndefu.

— Mwanangu, hebu tufanye la foleni. Si mzaha. Barabara ikijaa unatoa magari. Kila mwenye simu kwenye mtandao huu aizime. Aliyeingia mwisho azime kwanza, wa kwanza azime mwisho. Tuone kama njia itafunguka.

— Wako wangapi? akauliza Wembe.

— Ruta mpya inaonyesha, akasema shemeji, akatoa simu mfukoni. Walinionyesha jana. Inataja kila kilichomo.

Nilitamani ardhi inimeze kwa muda tu, halafu inirudishe wakati wa chakula cha jioni.

— Zangu ni tatu, akasema shemeji akitazama kioo. Kompyuta, mashine, simu yangu. Haya. Breki Pasua Njia.

— Mimi, akasema Breki.

— Wembe Mkali. Wembe Mkali ya Pili.

— Moja ni ya muziki, akajitetea Wembe.

— Birika.

— Naangalia bei ya kahawa, akasema Mama Birika, na sauti yake haikuwa na mvua yoyote ya jirani.

— Injinia Mkuu wa Dunia.

Jina lilijieleza.

— Duka la Dawa Kaunta. Duka la Dawa Stoo. Mteja wa Wembe. Mteja wa Wembe. Mteja wa Wembe. Wembe, unawapa wateja mtandao wangu?

— Wanaosubiri tu, shemeji. Na wanaosubiri zamu ya nusu ya pili.

Yule mfalme wa nchi ndogo akaficha simu yake chini ya shuka.

— Televisheni ya Sebuleni, akasoma shemeji. Akainua kichwa taratibu. Mimi sina televisheni.

Tulitazamana. Hakuna aliyeijua. Kulikuwa na nyumba sita zinazotukabili, na madirisha yake yote yalionekana kama hayana kosa. Akaendelea kusoma hadi mwisho, na mwisho ulikuwa mbali.

— Kumi na tisa, akasema. Vifaa kumi na tisa. Nyumba ina watu watatu, na mmoja wao ni mtoto wa chekechea! Nani amewapa nenosiri?

Wembe akamtazama Breki. Breki akanitazama mimi. Mimi nikatazama benchi, na hilo ndilo kosa nililofanya, maana shemeji ana akili. Alitoka nje, akainama, akachungulia chini ya ubao. Nenosiri lilikuwa pale, kwa chaki yake mwenyewe ya kukatia nguo, kwa mwandiko wangu mzuri, na mshale chini yake kwa wasiojua kusoma kutoka kushoto.

— Nilichoka kuulizwa, nikasema.

Tukazima simu. Aliyeingia mwisho akazima kwanza, baada ya ubishi mfupi kuhusu nani aliingia lini. Wembe alivuka kwenda kuwazimisha wateja wake, Mama Birika akapaza sauti mpaka duka la dawa. Watu wakaanza kutoka nje kuulizia, kwa hiyo kufikia saa nane pale dirishani kwa shemeji kulikuwa na mkusanyiko: wenye simu zilizozimwa, bati, kikombe cha mlinzi kimepoa kizingitini, mteja mwenye nusu kichwa. Mashine ikawashwa.

— Haipatikani, akasema shemeji kutoka ndani.

Na wakati huo huo nyuma yetu mtu alisafisha koo.

Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, amevaa nyeupe tupu, saa ndogo imening'inia kifuani kichwa chini. Sista Mkuu. Shemeji alipomwona kupitia dirishani, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshikwa akijikatia kitambaa cha mteja.

— Nimepita njia hii nikasema nione la kwanza limetokaje, akasema Sista. Halafu akatutazama. Alitazama bati. Alitazama kikombe. Alimtazama yule mteja, upande ulionyolewa kwanza, akazunguka kidogo, akatazama wa pili. Akauliza kwa adabu kabisa, kama anavyomuuliza mgonjwa anaumwa wapi:

— Samahani. Hapa ni nyumbani kwa mtu, au ni mahali pa watu wote?

Basi. Swali jepesi kama hilo. Watu waliokuwa na jibu la kila kitu tangu saa saba, wenye foleni, wenye wivu, wenye mabati, hakuna aliyefumbua mdomo. Breki alianza kunyanyuka, akakumbuka hajui anyanyuke kama mwenyeji au mgeni, akakaa. Wembe alilikunja taulo mara nne. Mtu wa duka la dawa akagundua kuna kitu cha kutazama barabarani.

Na mimi? Nywele zangu chache zilisimama zote. Kwa sababu swali hilo nilikuwa nimelisikia. Sikulisikia hasa, nililisoma. Jana, chumba cha nyuma, kwenye kioo cha kompyuta, vitufe viwili: Nyumbani. Mahali pa watu wote.

Ningeweza kunyamaza. Naomba hilo liandikwe. Nina uwezo mkubwa wa kunyamaza, sema huwa siutumii. Lakini kupitia dirishani niliona lile koti lenye alama ya chaki limelala mezani, na kidole gumba cha shemeji bado kiko pale pale.

Nikasogea.

— Shemeji, nikanong'ona. Hata kompyuta iliniuliza hivyo hivyo jana.

— Iliuliza nini?

— Kama mtandao huu ni wa nyumbani au wa mahali pa watu wote.

— Na ukajibu nini?

— Ukweli.

— Ukweli gani, Injinia?

— Nilichungulia dirishani kwanza, shemeji. Nikahesabu watu.

Kidole gumba kikatoka kwenye chaki.

— Nilisema mimi, akasema Mama Birika, akikiambia kikombe chake. Mlinzi hakuonyeshwa wenyeji.

Shemeji hakungoja nimalize kujitetea. Tulisikia kandambili zake zikikimbia hatua tisa hadi chumba cha nyuma. Sista aliniuliza kuna nini, nikamweleza, na safari hii nilieleza vizuri, labda kwa sababu nilikuwa nasema kweli: kwamba kompyuta ikiambiwa iko mahali pa watu wote, mlinzi wake anafanya kama abiria aliyeko stendi. Anaukumbatia mkoba, hamjibu mtu, hata akiitwa na ndugu yake wa damu. Ikiambiwa iko nyumbani, mlinzi anafungua vyumba, na kila aliye ndani ya mtandao ule anahesabiwa ndugu.

— Kila aliye ndani? akauliza Sista.

— Kila mmoja.

— Hata huyu? Akamwonyeshea kidole mwenye nusu kichwa.

Kandambili zikarudi. Shemeji alisimama dirishani. Alikuwa amesikia.

— Nikisema nyumbani, akasema polepole, mlinzi atamfungulia mashine. Na atawafungulia hawa kumi na sita, michoro yangu, vipimo vya wateja wangu, viuno vya wake za watu, vyote. Na nenosiri liko chini ya benchi.

Sista alikuwa bado anangoja jibu lake, mkoba mkononi. Shemeji akavuta pumzi, akamtazama yeye, si sisi.

— Hapa ni nyumbani kwangu, Sista, akasema. Karibu ndani.

Akatoka dirishani, akabadilisha nenosiri kwanza. Tuliowasha simu tuliona vile vimistari vikifa mikononi mwetu, kimoja kimoja. Halafu aliipa mashine nenosiri jipya, akaenda chumba cha nyuma akaipa na kompyuta, akabonyeza Nyumbani. Halafu mashine ikalia tiriri, ikameza mchoro wake, sindano ikaanza kucheza. Wembe alipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Breki alinikumbatia, halafu akakumbuka kosa ni la nani akaniachia.

— Saa nane na nusu, akasema Sista akiisoma saa yake ya kichwa chini.

Kulikuwa na tatizo moja limebaki. Koti haliwekwi mashineni hivi hivi, linavutwa kwanza kwenye fremu ya mviringo, limekaza kama ngozi ya ngoma, na likitoka lina nyuzi za kukatwa. Mikono miwili haitoshi kwa dakika tatu tatu. Shemeji akafungua mlango, ule ule tuliokatazwa.

— Ninyi. Mikono mmenawa?

Tuliinawa kwa maji ya Mama Birika ya kuchemshia kahawa. Breki akawekwa kwenye fremu, na mtu aliyekaza turubai za lori miaka thelathini anajua kukaza. Kila mashine iliposimama mguu wake ulikanyaga, ilipoondoka aliuachia, na aliapa kwamba yeye ndiye anayeiendesha. Wembe akapewa nyuzi. Alikata kwa mkasi wake wa kazi, ametoa ulimi pembeni, kila ua analipuliza kama shingo ya mteja, akaliuliza koti la tatu kama limeridhika. Mwenye nusu kichwa alibeba yaliyokuwa tayari, kwa kuwa ndiye aliyevaa shuka safi. Mimi nilipewa kazi kubwa kuliko wote, ya kuhesabu kwa sauti, kwa sharti kwamba nisiguse kitu chochote kinachochomekwa ukutani. Nje, kwa kuwa ndani tulikuwa tumejaa, Sista alikaa kwenye benchi letu peke yake, akinywa kikombe kilekile cha mlinzi kilichopashwa moto upya, na Mama Birika akimsimulia kesi nzima tangu saa saba. Tulisikia vicheko viwili. Kimoja kilikuwa cha Mama Birika.

— Thelathini! nikatangaza, saa kumi na dakika mbili.

Sista aliingia, akapitisha kidole juu ya ua la mwisho, akaligeuza koti akatazama upande wa ndani, ambako ndiko ushonaji mbaya hujifichua. Akalikunja.

— Jumatatu nitaleta vipimo vya mapazia, akasema. Mashuka tutazungumza. Alipofika mlangoni akageuka. Na hawa ni wafanyakazi wako?

— Ni wa benchi, akasema shemeji, na nilimwona anauma mdomo asicheke.

Tulirudi nje tukakaa. Jua lilikuwa limegeukia upande wetu, la kuunguza. Sikuwa nimewahi kuligundua hapo kabla. Kila mmoja alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Nikajisogeza dirishani kwa mikogo yangu yote.

— Shemeji. Kazi imekwisha, amani imerudi. Lile nenosiri jipya...

— Ni la watu wa nyumbani.

— Na mimi si mume wa dada yako? Nani wa nyumbani kuliko mimi?

— Ndiyo maana nimelificha. Ungekuwa mgeni ningekuandikia.

Dirisha likafungwa. Tukakaa. Breki akajaribu kuanzisha jambo kuhusu lori lililowahi kumkataa dereva, likafia njiani. Wembe alimkumbuka mteja wake, akamnyoa nusu ya pili pale pale benchini, kimya kimya. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo mtu kunyolewa nusu ya pili bila kupumzishwa.

Hapo ndipo mlango wa nyumba ya tatu upande wa pili ulipofunguliwa. Alitoka fundi viatu, jirani ambaye hajawahi kukaa nasi hata siku moja, mtu wa salamu na kupita. Alivuka barabara mbio, amevaa kaptula na fulana, rimoti ya televisheni mkononi. Mechi ilikuwa imefika penalti. Akasimama mbele yetu, anahema, amekasirika kama mtu mwenye haki yake.

— Jamani, akasema, mtandao wetu una nini leo?

Wembe akamtazama Breki. Breki akalitazama tofali. Mimi nilifumbua mdomo, nikautafuta ule utaalamu wa saa saba, wenye foleni na bati na kofi la kiwanda cha saruji, sikuambulia hata neno moja la kumpa.

Mama Birika akaliinamisha birika juu ya kikombe changu, akangoja. Likatoa tone moja.

— Imekwisha, akasema, akaanza kufunga jiko lake.